Mchicha, Samadi na Mbolea ya Chumvichumvi

Wenzetu Wahaya wa Bukoba na Muleba tangu zamani hulisha vibanja vyao kwa samadi ya ng'ombe na nyasi za mbuga ziitwazo rweya. Mvua nyingi za kando ya ziwa huosha rutuba, na asiye na ng'ombe huona udongo wake ukichoka.

Mbolea ya chumvichumvi husaidia: gunia la yurea la kilo 50 lina naitrojeni kilo 23, nayo hukuza majani. Lakini hailainishi udongo wala haishiki maji.

Basi mwenye bustani ya mchicha atangulize samadi iliyooza, maana mbichi huunguza mizizi. Miche ikishika, atie yurea kidogo, mbali na shina, aifukie na kumwagia maji. Udongo nao hudai haki yake.