Rafiki Kapiga Kura, Wewe Umeumia

Agosti 2016, kwenye mazishi ya Mzee Aboud Jumbe, Rais wa zamani wa Zanzibar, huko Migombani, Unguja, Rais wa Zanzibar wa wakati huo, Ali Mohamed Shein, alimnyooshea mkono kiongozi wa upinzani, Maalim Seif Sharif Hamad, na Maalim hakuupokea. Habari zilienea mara moja, na wiki chache baadaye Rais wa Tanzania, John Magufuli, alipofika Zanzibar naye akaligusia jambo hilo hadharani. Wengi walishtushwa na mahali lilipotokea: msibani, ambapo hata mahasimu hupeana pole. Waliozijua siasa za visiwani waliona na jingine. Shein na Maalim wote walizaliwa Pemba, na kati ya 2010 na 2015 walikuwa katika serikali moja, mmoja Rais, mwingine Makamu wa Kwanza wa Rais. Hawakuwa wageni wao kwa wao.

Maalim alikuwa na kesi yake. Uchaguzi wa Oktoba 2015, ambao yeye alisema ameushinda, ulifutwa na Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, Jecha Salim Jecha, na CUF, chama cha Maalim, ikaususia ule wa marudio wa Machi 2016. Ugomvi wake ulikuwa na mhusika, tarehe na madai. Ninaotaka kuwazungumzia hapa ni wale wasio na kesi: muuza samaki na mteja wake, mashoga wawili wa upatu mmoja, mtu na shemeji yake. Hakuna kati yao aliyefuta uchaguzi wala aliyefutiwa ushindi. Ila mmoja aligundua mwenziwe yuko upande wa pili, akahisi ametukanwa, na tangu hapo hawazikani wala hawanunuliani.

Watu wazima wenye akili zao wanafikaje huko? Jibu la haraka ni kwamba wanasiasa wamewachochea. Ni kweli, lakini uchochezi haushiki pasipo kitu cha kuushika.

Henri Tajfel, Myahudi mzaliwa wa Poland aliyepoteza jamaa zake katika mauaji ya Wanazi, alilichunguza hilo mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa wavulana wa shule huko Bristol, Uingereza, wenye umri wa miaka 14 na 15. Aliwagawa makundi mawili kwa kisingizio chepesi: nani anapenda zaidi picha za mchoraji Klee, na nani za Kandinsky. Kwa kweli mgawo ulikuwa wa bahati nasibu, na hakuna aliyeambiwa nani mwenzake. Kisha kila mmoja akatakiwa kuwagawia wengine fedha kidogo, yeye mwenyewe asipate kitu katika mgawo huo. Waliwapendelea wa kundi lao, jambo ambalo pengine ungelitarajia. Usilolitarajia ni kwamba mara nyingi walikuwa tayari kundi lao lipate pungufu, mradi tu liwapite wale wengine kwa mbali zaidi.

Ikiwa picha ambazo watoto hao hawakuzijali ziliweza kufanya hayo, chama kinaweza zaidi, hasa mahali ambapo chama hakijawahi kuwa chama tu. Katika kipindi ambacho wazee wa Zanzibar wanakiita zama za siasa, tangu uchaguzi wa kwanza wa 1957 hadi Mapinduzi ya Januari 1964, kuwa wa chama cha ASP au cha Hizbu kulieleza mtu katokea wapi, analima shamba la nani na wazee wake walifikaje visiwani. Wenye mashamba waliwafukuza maskwota kwa sababu ya kura. Maduka yalisusiwa, mazishi yalisusiwa, ndoa zikavunjika. Juni 1961 ghasia za uchaguzi ziliua watu 68. Linganisha na Marekani: watu wa huko walipoulizwa mwaka 1960 kama wangeudhika mtoto wao akioana na mtu wa chama cha pili, ni takriban 5 tu katika kila 100 waliosema ndiyo. Ilipofika 2010, wakawa theluthi moja ya Democrat na karibu nusu ya Republican, na watafiti wa huko, Shanto Iyengar na wenzake, wakaliandika kama badiliko kubwa. Bibi yeyote wa Ng'ambo, mjini Unguja, angewaambia kwamba yeye kayaona hayo kabla ya Mapinduzi.

Jina la Hizbu halikufa na chama chake. Mpinzani bado huitwa hivyo, kwa maana kwamba anataka sultani arudi. Januari 2016, kwenye sherehe za Mapinduzi uwanjani Amaan, lilionekana bango lililowataja machotara na Hizbu na kudai kuwa nchi ni ya Waafrika. CCM yenyewe ikalikana. Sasa mtu aliyeliona bango hilo akikutana na rafiki yake amevaa kijani cha CCM, hesabu anaipiga mwenyewe: huyu yuko nao, kwa hiyo na yeye ananiona hivyo. Upande wa pili hesabu ni hiyo hiyo. Mwana-CCM anayesikia wenzake wakiitwa vibaraka wa Bara anajua fika kwamba rafiki yake huketi kila jioni kwenye baraza yanakosemwa hayo.

Kwa nini basi iume zaidi kutoka kwa rafiki kuliko kutoka kwa mtu baki? Mwanasaikolojia Lee Ross wa Marekani alionyesha kwamba kila mmoja wetu huamini anauona ulimwengu kama ulivyo. Asiyekubaliana nasi, basi, ama hana habari, ama hana akili, ama ana lake jambo. Kwa mtu tusiyemjua tunaokota mojawapo na kuendelea na shughuli zetu. Rafiki hatupi nafasi hiyo. Habari anazo, kwa kuwa mmezisikiliza pamoja. Akili anayo, umeshamwomba ushauri mara nyingi. Linabaki la tatu, na mtu uliyekula naye akiwa "ana lake jambo" unaliita usaliti. Ukaribu, ambao ungepaswa kutufanya tumpe rafiki udhuru, ndio unaotunyang'anya zile nyudhuru mbili za kwanza.

Zaidi ya hayo, hukumu nyingi tunazozijibu tumezitunga wenyewe. Julia Minson na Benoît Monin walichapisha mwaka 2012 utafiti kuhusu walaji nyama. Waliotangulizwa kukisia walaji mboga wanawaonaje walikuja kuwapa hao walaji mboga alama mbaya zaidi kuliko ambao hawakutangulizwa kukisia. Hakuna mlaji mboga aliyekuwa amefungua mdomo. Ndiyo maana siupendi ushauri wetu mkuu wa "tuache siasa, tubaki na urafiki wetu". Unafaa kwa wiki ya kampeni. Ukiendelea kwa miaka, kila mmoja anabaki na kichwa chake kinachomsemea mwenziwe, na kichwa hicho hakina huruma.

Nisieleweke, hata hivyo, kwamba kila maumivu ni makosa ya kukisia. Rafiki akimtaka mgombea fulani kwa kuwa barabara ya kijijini kwao imetiwa lami, hajakusema. Akitaka Muungano wa serikali mbili na wewe unataka tatu, bado hajakusema, ingawa mtakesha mkibishana. Akisema watu wa kwenu wasipewe kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, ambacho usipokuwa nacho hujiandikishi kupiga kura katika uchaguzi wa Zanzibar, hapo amekusema. Kisha huja ile kauli inayodhaniwa kuwa ni dawa: "Lakini sikukukusudia wewe." Naiona ndiyo sehemu mbaya kuliko zote. Anayeambiwa hivyo anaelezwa kwamba mama yake na ndugu zake wamekusudiwa, ila yeye ameachiliwa kwa hisani, nayo hisani inaweza kuondolewa.

Tofauti hiyo haionekani kwenye rangi ya fulana, kwa hiyo sharti uulize. Swali ninalolipendekeza ni la mtu na maisha yake: "Shoga, hao wako wakishinda, mimi na wanangu tutakuwa wapi?" Mara nyingi anayeulizwa hushangaa, maana alikuwa akifikiria bei ya unga na ajira ya mwanawe, na wewe hukuwamo katika fikra zake kabisa. Kutokuwamo nako kunachoma, lakini si sawa na kuhukumiwa. Mara nyingine jibu huchelewa au huja na "ila". Hapo umejua, na kujitenga kwako kutakuwa na sababu, si dhana.

Swali hilo lisiulizwe barazani. Aketiye kwenye baraza ya Jaws Corner mjini Unguja, au kwenye maskani ya Kisonge pale Michenzani, anaongea kwa ajili ya hadhira. Akirudi nyuma hata hatua moja, wenzake wanamcheka. Mtu huyo huyo, mkiwa wawili kibarazani kwake baada ya Isha, husema mambo ambayo kijiweni angeyakana kwa kiapo.

Yapo ambayo mazungumzo ya marafiki wawili hayayafikii. Novemba 2009 Rais wa Zanzibar wa wakati huo, Amani Abeid Karume, na Maalim Seif walikutana Ikulu. Julai 2010 kura ya maoni kuhusu serikali ya umoja wa kitaifa ikapita kwa takriban asilimia 66, na watu waliokuwa wamesusiana wakaanza kualikana arusini. Hawakuwa wamepewa somo lolote la saikolojia. Ila sasa aliyeshindwa alibaki serikalini badala ya kutupwa nje, na kura ya jirani ikapungua kuwa tishio. Matokeo ya 2015 yalipofutwa, kususiana kulirejea Pemba katika miezi michache, tena kati ya watu wale wale waliokuwa wamepatana.

Kwa hiyo anayenilalamikia kwamba rafiki yake amebadilika tangu uchaguzi, nitamsaidia kutenga kilichosemwa na alichokikisia. Siwezi kumwambia kwamba maumivu yake yote yamo kichwani mwake. Mengine yanaanzia Tume ya Uchaguzi, na dawa ya huko mimi sina.