Daraja la Mawe Lisidharauliwe

Wakati wa kiangazi mito ya Kishapu huvukwa kwa miguu mikavu. Mvua zikinyesha, Tungu na Manonga hujaa kwa muda mfupi, na akaaye ng'ambo huwa kama mtu wa kisiwani asiye na mtumbwi. Wenzetu wa Ukerewe na Ukara, waliozika ndugu zao baada ya kivuko cha MV Nyerere kuzama Septemba 20, 2018 na kuua watu zaidi ya 220, hawahitaji kufundishwa thamani ya mahali salama pa kuvukia.

Ndiyo maana tunawasihi wahusika wasilidharau daraja la mawe. Huko Ethiopia, karibu na maporomoko ya Tis Issat, daraja la Alata lililojengwa mwaka 1626 lingali limesimama juu ya korongo la Mto Nili. Halikujengwa kwa nondo. Siri yake ni tao: kila jiwe hubanwa na jirani yake, na uzito wa apitaye huyakaza mawe badala ya kuyatenganisha. Mzigo wote huishia miguuni mwa tao.

Hapo ndipo penye hadhari. Sehemu kubwa ya Kishapu ni udongo mweusi wa mbuga, uvimbao ukilowa na kupasuka ukikauka. Mguu ukisogea, tao huanguka. Hapana budi wataalamu wachimbe mpaka wafikie ardhi ngumu, na maji yaachiwe njia pana yasije yakala msingi.

TARURA, wakala ulioanzishwa mwaka 2017, umekwisha kujenga madaraja ya mawe katika mikoa kadhaa, Kigoma ikiwamo, kwa gharama iliyo chini ya ile ya zege. Sehemu ya fedha ambayo ingenunua nondo huishia mikononi mwa waashi na wapasua mawe wa vijijini.

Hata hivyo, daraja halitunzwi kwa sherehe ya uzinduzi. Daraja jingine la Ethiopia, Sebara Dildi, lilivunjwa tao wakati wa vita vya Waitaliano vya 1935 hadi 1941. Kwa miaka mingi watu wakavushwa pengo hilo kwa kuvutwa kwa kamba. Tunashauri halmashauri zitenge fungu la ukaguzi kila baada ya masika, na wananchi wasichimbe mchanga karibu na msingi. Mwenye mgonjwa ng'ambo ya mto hawezi kungoja maji yapungue.