Vali ya Maji Ivujayo

Chini ya beseni la kunawia, katika nyumba nyingi za Uingereza na Marekani, pana vali ndogo ya shaba ya manjano ambayo wenye nyumba huisahau miaka mingi. Kazi yake ni kuzuia maji ya beseni hilo peke yake, ili fundi atengenezapo bilula ya juu asiwanyime maji watu wa nyumba nzima. Kwa kuwa haiguswi ila mara chache, huweza kuvuja pasipo mtu kuona. Na maji hayo huingia katika mbao za sakafu, yakaziozesha kabla mtu hajashtuka.

Tone moja laonekana si kitu. Lakini siku moja ina sekunde 86,400. Tone likidondoka kila sekunde, na matone 20 yakiwa mililita 1, maji yapoteayo kwa siku yapita lita 4, na kwa mwaka yapita lita 1,500.

Vali hiyo haikuchomelewa, wala bomba halikuchongwa hesi. Imeshikwa na nati pamoja na pete laini iliyo ndani yake. Nati ikazwapo, pete husukumwa katika mdomo wa vali, ulio mpana mwanzo na mwembamba ndani. Na kwa kuwa haina pa kukimbilia, hubanwa, ikaliuma bomba pande zote. Pete ndiyo izuiayo maji, si hesi za nati. Wasiojua jambo hili huzungusha nyuzi za katani katika hesi, nayo ni kazi bure.

Abadiliye vali kwanza hufunga maji ya nyumba nzima, kisha hufungua bilula iliyo chini kuliko zote, ili mabomba yawe matupu. Ndoo huwekwa chini hata hivyo, maana maji kidogo hubaki sikuzote. Spana moja huishika vali isizunguke, na ya pili hulegeza nati. Atumiaye spana moja tu hulipinda bomba, kwani shaba nyekundu ni laini, naye hugeuza kazi ya nusu saa kuwa ya siku nzima.

Pete ya zamani ndiyo yenye taabu. Imekwisha kuuma, haitoki kwa kuvutwa. Fundi huikata mshazari kwa msumeno wa chuma, lakini hakati mpaka mwisho. Hutia bisibisi katika mkato na kuizungusha, pete ikapasuka. Msumeno ukigusa bomba, mkwaruzo huo utakuwa njia ya maji chini ya pete mpya. Katika nyumba za Uingereza zilizojengwa kabla ya miaka ya 1970, bomba la inchi 1/2 hukubali pete ya milimita 15. La inchi 3/4 halikubali pete ya milimita 22.

Bomba husuguliwa kwa msasa laini. Nati mpya huvikwa kwanza, ndipo pete. Asahauye taratibu hii hufungua tena yote. Bomba husukumwa ndani ya vali mpaka likome, na nati hukazwa kwa mkono, kisha kwa spana kama mzunguko mmoja. Mwenye nguvu nyingi huiponda pete, vali mpya ikavuja kuliko ile ya kale.

Maji hufunguliwa polepole. Kiungo hufutwa kikauka, kikazungushiwa karatasi kavu. Na kesho yake karatasi hutazamwa kama imelowa.