Walimshtaki Lini Amin? Kosa la Uchokozi, Kutoka Nuremberg Hadi Kampala

Mama yangu alivuka daraja la Kyaka, juu ya mto Kagera huko Tanzania, kwa miguu mwishoni mwa Oktoba 1978, kaka yangu mgongoni, sufuria ya maharage ambayo hayajaiva kichwani. Siku chache baadaye majeshi ya rais wa Uganda, Idi Amin, yaliyokuwa yametuvamia, yakalilipua daraja lenyewe. Juzi tulipokuwa tunaongea kwenye simu nilimwambia kuwa hapa Den Haag ninapoishi ndipo ilipo Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na Amin, mwanangu, walimshtaki lini?"

Hakushtakiwa. Kampala ilipoangukia mikononi mwa majeshi ya Tanzania tarehe 11 Aprili 1979 alikuwa ameshakimbia. Alipita Libya, akaishi Saudi Arabia miaka mingi, akafia hospitalini Jeddah Agosti 2003. Swali la mama ndilo lililonifanya niandike, maana wengi wetu ughaibuni tunasikia habari za "kosa la uchokozi" kila vita inapolipuka, na hakuna anayetueleza lilikotoka.

Kosa la kuanzisha vita

Makosa ya kivita tunayajua: kuua raia, kubaka, kutesa mateka. Uchokozi unauliza swali la kabla ya hayo yote: nani aliamuru jeshi livuke mpaka wa jirani? Hata kama askari hawakugusa kuku wa mtu, aliyewatuma bila haki ana kesi ya kujibu. Ndiyo maana mshtakiwa wa kosa hili si kuruta aliyepewa bunduki. Ni mwenye madaraka ya kuongoza siasa au jeshi la nchi, na uvamizi wake lazima uwe umekiuka Mkataba wa Umoja wa Mataifa waziwazi, kwa aina yake, uzito wake na ukubwa wake.

Mkataba wa Paris wa 1928 ulikataa vita kama njia ya kuendesha siasa, lakini haukusema nani atafungwa. Jibu lilipatikana Nuremberg, kwenye mahakama iliyowahukumu viongozi wa Kinazi baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Hukumu ya mwaka 1946 iliwatia hatiani viongozi 12 wa Ujerumani kwa makosa dhidi ya amani, na mahakama ya Tokyo, ya viongozi wa Japani, ikafuata mwaka 1948. Majaji wa Nuremberg walisema kuanzisha vita vya uchokozi ndilo kosa kubwa kuliko yote ya kimataifa, kwa kuwa limebeba tumboni maovu mengine yote ya vita. Watu wa Kagera hawahitaji kusomewa hukumu hiyo. Bila amri ile ya Amin ya kuvuka mpaka, kiwanda cha sukari kisingeporwa, wala ng'ombe wa ranchi ya Missenyi wasingeswagwa kupelekwa Uganda.

Tarehe 14 Desemba 1974 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Azimio namba 3314, likataja sura za uchokozi: kuvamia, kupiga mabomu, kufunga bandari za mwenzio, kutwaa ardhi yake kwa nguvu. Miaka minne baadaye, tarehe 1 Novemba 1978, Amin akatangaza kuwa ardhi yote ya kaskazini ya mto Kagera ni ya Uganda. Maana ya kosa ilikuwa imeshaandikwa. Mahakama ya kulisikiliza haikuwapo. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulihimiza usuluhishi bila kumlaani mvamizi, na jambo hilo lilimuuma sana rais wetu, Mwalimu Nyerere.

Tuseme kweli yote. Wapo viongozi wa Afrika waliotulaumu sisi Watanzania, mwaka 1979, kwa kuyasukuma mapambano hadi Kampala. Mimi naamini Tanzania ilijilinda. Lakini sheria inayomwita Amin ajieleze lazima iwe na ruhusa ya kutuita na sisi.

Mlango mwembamba

Mkataba wa Roma wa 1998, uliounda ICC, ulilitaja kosa la uchokozi lakini ukaiacha tafsiri yake isubiri. Ilipatikana Juni 2010, katika marekebisho yaliyopitishwa kwenye mkutano uliofanyika Munyonyo, Kampala: mji uleule ambao Amin aliutawala. Mahakama ikaanza kuwa na mamlaka juu ya kosa hilo tarehe 17 Julai 2018.

Sasa tazama masharti yake. Kwa makosa ya kivita, inatosha kuwa yametendeka kwenye ardhi ya nchi mwanachama. Kwa uchokozi haitoshi. Raia wa nchi isiyo mwanachama hashtakiki, hata akivamia nchi mwanachama, mpaka Baraza la Usalama lipeleke shauri lenyewe. Ndiyo maana hati ya kumkamata Vladimir Putin, ya Machi 2023, inahusu watoto waliohamishwa, si uvamizi wa Ukraine. Urusi si mwanachama, na kwenye Baraza ina kura ya turufu. Kwa hiyo Juni 2025 Ukraine na Baraza la Ulaya wakatia saini makubaliano ya kuunda mahakama maalumu ya kosa la uchokozi.

Jirani yetu Kongo ilipitia njia nyingine. Mahakama ya Kimataifa ya Haki, inayoamua kesi za nchi kwa nchi, ilisema mwaka 2005 kuwa Uganda ilikiuka katazo la kutumia nguvu dhidi ya Kongo, na mwaka 2022 ikaiamuru ilipe dola milioni 325. Nchi ilitakiwa kulipa. Kiongozi hakusimama kizimbani.

Nilipomweleza mama haya, hakurudi tena kwa Amin. Aliuliza habari za wanawake wa Goma, mashariki mwa Kongo. Nikamwambia kuwa Februari 2025 Baraza la Usalama liliitaka Rwanda iondoe majeshi yake Kongo, na kwamba Kigali husema inajilinda. Rwanda si mwanachama wa ICC. Kwa hiyo kuhusu uchokozi, mwendesha mashtaka hana pa kuanzia. "Kumbe na wao wanasubiri," akasema.

Wasisubiri zaidi ya miaka arobaini kama mama. Mwandikie mbunge wako, wa nyumbani au wa huku ulipo, umuulize: je, nchi yetu imeridhia marekebisho ya Kampala, na itakubali uchokozi ushtakiwe kwa masharti yaleyale ya makosa mengine? Mimi barua yangu nimeshaituma.