Pesa moja ya Afrika Mashariki: je, tutabaki Wakongomani?

Tangu nchi yetu ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, kunazuka swali: faranga ikiondolewa, si ni kuuza nchi? Tunalieleza hapa ili lisigeuke uvumi wa kugombanisha jamaa.

Kwanza, pesa hiyo bado haipo. Mkataba wake ulitiwa sahihi tarehe 30 Novemba 2013 na Burundi, Kenya, Rwanda, Tanzania na Uganda. Ilitakiwa kuanza mwaka 2024, lakini tarehe imesogezwa hadi 2031. Kabla ya kuingia, kila nchi inapaswa kuzuia bei zisipande zaidi ya asilimia 8 kwa mwaka, na kuwa na akiba ya kununua bidhaa za nje kwa miezi 4 na nusu.

Pili, noti si taifa. Mwaka 1967 faranga iliondolewa ikaja zaire; mwaka 1993 ikaja zaire mpya; mwaka 1998 faranga ikarudi. Wazee wetu walibaki Wakongomani. Mwaka 1993 watu wa Kasai waliikataa zaire mpya kwa kutoiamini serikali, wakaendelea na noti za zamani kwa miaka. Nchi moja ilikuwa na pesa mbili, na Wakasai hawakukoma kuwa Wakongomani. Hata leo wengi wetu tunahesabu kwa dola.

Tatu, kuna faida na hasara. Mfanyabiashara anayevuka ziwa kwenda Kigoma hatapoteza kitu kwa wabadilishaji pesa. Serikali pia haitaweza kuchapa noti ovyo, jambo lililoteketeza akiba za watu miaka ya 1990. Lakini wakati wa shida, Kinshasa haitaamua peke yake juu ya pesa yetu.

Kwa hiyo, wakati wa kujadili, tumuulize mbunge wetu: faranga zitabadilishwa kwa kiasi gani? Kwa muda gani? Aliyekimbia vita, anayelala mbali na benki na aliyepoteza kadi yake ya uchaguzi, atabadilisha wapi feza yake kidogo?

Ndugu machifu na viongozi wa wahamishwa, waiteni wote kwenye mazungumzo haya, akina mama na vijana pia. Anayeitaka pesa ya pamoja asiitwe mgeni. Anayeikataa asiitwe adui wa majirani. Wote wawili ni wana wa nchi, na kila mmoja ana haki ya kusikilizwa.