Jina la bidhaa lisiposomeka, mteja hupita

KILA mwaka ifikapo Agosti, viwanja vya Nane Nane hujaa meza za wajasiriamali wenye asali, siagi ya karanga, pilipili ya chupa na unga wa lishe. Mara nyingi bidhaa hizo ni nzuri na bei hazipishani sana. Mteja anayepita katikati ya meza hana muda wa kuonja kila kitu. Kinachomsimamisha ni kile anachokiona, na lebo huonekana kabla asali haijafika ulimini.

Hapo ndipo wazalishaji wengi wadogo wanapopata hasara bila kujua. Mzalishaji huchagua chupa kwa makini, huhesabu gharama ya sukari na mafuta, lakini lebo humwachia kijana wa steshenari. Kijana naye huchukua herufi zozote zenye madoido zilizomo kwenye kompyuta yake. Stika 1,000 huchapwa na fedha hulipwa, kisha mteja hushika chupa na kuuliza: "Hii ni nini?"

Herufi nazo zina sura

Aina ya herufi, au fonti kama wanavyoiita watu wa kompyuta, humweleza mteja jambo kabla hajasoma neno. Herufi nene zenye kona za mviringo huonekana changamfu na zenye urafiki, hivyo hufaa biskuti za watoto, juisi au mgahawa wa chipsi. Herufi nyembamba zenye mikia mirefu hupendeza kwenye kadi ya harusi. Zote mbili zinaweza kuharibu biashara zikiwekwa mahali pasipo pake.

Si lazima kazi hii ifanywe na mtaalamu wa gharama kubwa. Jina la Coca-Cola liliandikwa mwaka 1886 mjini Atlanta, Marekani, na Frank Robinson, aliyekuwa mtunza hesabu wa biashara hiyo. Alitumia mwandiko wa mkono uliokuwa ukifundishwa na kutumika sana Marekani enzi hizo. Kilicholipa jina hilo nguvu ni kwamba wenye kampuni waliendelea nalo mwaka hadi mwaka, badala ya kubadili sura kila msimu.

Mfano mwingine ni Cooper Black, herufi nene za mviringo zilizochorwa na Oswald Cooper wa Chicago na kutolewa mwaka 1922. Shirika la ndege la easyJet lilipoanza mwaka 1995, likiuza tiketi za bei nafuu, lilitumia herufi hizo katika nembo yake. Ni herufi zisizo na makuu, na ndivyo shirika hilo lilivyotaka kuonekana kwa abiria wa kawaida.

Kinyume chake ni Comic Sans, iliyobuniwa na Vincent Connare wa kampuni ya Microsoft mwaka 1994 kwa ajili ya maneno ya katuni. Baadaye ilisambaa kwenye kompyuta za dunia nzima na watu wakaitumia kila mahali, hadi kwenye matangazo ya msiba. Julai 2012, wanasayansi wa kituo cha CERN karibu na Geneva walipotangaza kuiona chembe ya Higgs, sehemu ya maelezo yao ilikuwa kwa Comic Sans. Jambo lenyewe lilikuwa kubwa, lakini wapo waliobaki wakicheka herufi.

Somo kutoka kwenye kanga

Hapa kwetu, mfano mzuri upo ndani ya kila nyumba. Kanga huwa na maua, korosho, ndege na rangi nyingi, lakini jina lake kwa kawaida huandikwa kwa herufi kubwa za wazi, zisizo na madoido. Michoro huvuta macho, maneno hutoa ujumbe. Lebo yenye picha nyingi nayo inahitaji herufi tulivu, na lebo yenye herufi za kuchezacheza inahitaji nafasi tupu kuzizunguka. Vyote viwili vikicheza kwa pamoja, hakuna kinachoonekana.

Jaribu kwa jina lako

Fonti nyingi huoneshwa kwa maneno ya Kiingereza, kwa hiyo inayopendeza kwenye kioo cha kompyuta inaweza kushindwa kwa Kiswahili. Herufi "a" hurudi mara kwa mara katika maneno yetu. Ipo mara tatu katika neno karanga. Katika fonti nyingi za kuigiza mwandiko wa mkono, "a" hufanana na "o", na asali inaweza kusomeka "osoli". Angalia pia "k", "w" na "y", na alama ya ng' iwapo jina lina neno kama ng'ombe. Tena, herufi za kuunganishwa zisiandikwe zote kwa herufi kubwa, kwani hugeuka fumbo.

Kipimo rahisi ni kuchapa jina kwenye karatasi ya kawaida kwa ukubwa ule ule wa lebo, kulizungushia chupa na kuiweka kwenye rafu. Mtu asiyelijua jina hilo asimame hatua tatu nyuma na asome. Akisita, herufi hizo hazifai. Jaribio lirudiwe kwa rangi nyeusi tupu, kwa sababu jina hilo hilo litakwenda kwenye mhuri, risiti na mfuko wa rangi moja, na pia kwenye picha ndogo ya WhatsApp.

Kwa bango, wachoraji wengi hufuata kadirio hili: kila mita 3 za umbali zinahitaji herufi yenye kimo cha sentimita 2.5 hivi. Bango la kusomwa kutoka mita 30 linahitaji herufi za sentimita 25.

Madoido yaishie kwenye jina

Herufi za kuchangamka ni za jina la bidhaa tu. Viambato, uzito, jina na anwani ya mzalishaji, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi viandikwe kwa herufi za kawaida. Tanzania Bara, Shirika la Viwango (TBS) ndilo lililopokea kazi ya kusimamia usalama wa chakula mwaka 2019, na mzalishaji anapaswa kupata masharti ya lebo huko kabla ya kuchapa. Mteja akishindwa kusoma tarehe, uzuri wa jina hautamsaidia.

Kuna pia suala la haki. Fonti nyingi za bure kwenye intaneti zimeruhusiwa kwa matumizi binafsi tu. Anayeziweka kwenye bidhaa ya kuuza bila kununua leseni anaweza kudaiwa, hasa biashara ikishakua. Njia salama ni kutafuta zenye leseni huria inayoitwa Open Font License, inayoruhusu matumizi ya kibiashara bila malipo. Fonti kama Lobster, Fredoka na Baloo, zote za kuchangamka, zina leseni hiyo na hupatikana kwenye Google Fonts.

Kumiliki fonti si kumiliki jina. Anayetaka kulinda jina na nembo yake anapaswa kuzisajili kama alama ya biashara, BRELA kwa Tanzania Bara au KIPI kwa Kenya. Utafutaji wa majina yaliyokwisha kusajiliwa ufanyike kwanza, kabla fedha ya uchapaji haijatoka.

Mwisho ni kwa mchapaji. Kompyuta yake ikiwa haina fonti iliyotumika, huweka nyingine yenyewe na lebo hutoka na sura tofauti. Herufi zigeuzwe kuwa mchoro na faili litunzwe kwa PDF, kisha nakala moja ichapwe na kukaguliwa. Kwa mifuko na magunia, mistari myembamba iepukwe, kwa kuwa wino huiziba au huikata.

Karatasi moja ya majaribio ni gharama ndogo sana. Stika 1,000 zisizosomeka hazirudishwi kwa mchapaji, na mteja aliyekwishapita meza ni vigumu kumwita arudi.