Protini za bakteria hazitulii: Jinsi wanasayansi wanavyozifuata moja moja

KWA miaka mingi vitabu vya biolojia vilichora mota inayozungusha mkia wa bakteria kana kwamba ni mashine ya kiwandani, kila kipuri kimekazwa mahali pake na hakiondoki hadi seli ife. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka wa 2006, ulibainisha kwamba mchoro huo ulipotosha.

Bakteria aliyechunguzwa ni Escherichia coli, ambaye huishi matumboni mwa binadamu na wanyama. Urefu wake ni takriban maikromita 2, hivi kwamba 500 wakipangwa kwa mstari hufikia milimita moja tu. Huogelea kwa mikia mirefu, myembamba, na kila mkia huzungushwa na mota iliyopachikwa katika utando wa seli, zaidi ya mara 100 kwa sekunde. Nguvu ya mota hutokana na chembe za haidrojeni zenye chaji, ambazo hupenya utandoni kupitia protini mbili zinazoshirikiana, MotA na MotB.

Tatizo lilikuwa kuziona. Mnamo 1873 Mjerumani Ernst Abbe alieleza kwamba hadubini itumiayo mwangaza haiwezi kutenganisha vitu viwili vilivyokaribiana kupita takriban nanomita 200, na protini ni ndogo zaidi ya hapo mara nyingi. Hadubini ya elektroni huona vitu vidogo zaidi, lakini seli sharti iuawe au igandishwe kwanza, na maiti haiogelei.

Msaada ulitoka baharini. Mwaka wa 1962 Osamu Shimomura alitenga kutoka kwa yavuyavu protini inayong'aa kwa rangi ya kijani. Baadaye ilidhihirika kwamba jeni ya protini hiyo yaweza kuunganishwa na jeni ya protini nyingine, seli ikaiunda ikiwa tayari imebeba taa yake. Shimomura, Martin Chalfie na Roger Tsien walituzwa Nobel ya Kemia mwaka wa 2008 kwa kazi hiyo.

Taa moja huonekana kama doa lenye ukungu, pana kuliko protini yenyewe, lakini kitovu cha doa hilo chaweza kukokotolewa kwa usahihi mkubwa. Mtu aliye kilimani usiku haioni pikipiki iliyo bondeni, ila akiiona taa yake ikiwa peke yake barabarani aweza kusema ilipo na inakoelekea. Taa zikiwa nyingi na zimesongamana, hawezi.

Watafiti wa Oxford walimnasa bakteria kwa mkia wake kwenye kioo. Mkia uliposhikwa, mwili mzima ndio uliozunguka, nao wakawa na ushahidi kwamba mota ingali hai. Kisha walimulika kwa leza tabaka jembamba tu lililo karibu na kioo. Taa ya protini ikimulikwa sana huzimika ghafla isiwake tena, kwa hivyo mng'ao wa mota hushuka ngazi kwa ngazi. Anayejua ukubwa wa ngazi moja hupata hesabu kwa kugawanya. Walipata MotB 22 hivi katika kila mota, na nyingine kama 200 zikielea utandoni.

Jambo la ajabu lilifuata. Walipozizima kwa leza taa zilizomo katika mota, mng'ao ulirejea polepole. Protini mpya zilikuwa zikiingia kutoka utandoni na za awali zikitoka, kila moja ikikaa motani kwa takriban nusu dakika. Ni sawa na matatu kubadilishwa magurudumu ikiwa mbioni katika barabara ya Thika, bila abiria kuhisi lolote. Mnamo 2013 watafiti, akiwemo Howard Berg wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walionyesha faida mojawapo ya mpango huo: mota inapokabiliwa na mzigo mzito, protini zaidi hujiunga nayo.

Haya si mambo ya kuwafurahisha maprofesa pekee. Katika utando huohuo zimo protini zinazojenga ukuta wa seli, ambazo ndizo penisilini hulenga. Inakadiriwa kwamba mnamo 2019 usugu wa bakteria dhidi ya dawa ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani. Mwaka wa 2011 makundi matatu ya watafiti yalionyesha kwamba MreB, protini inayoongoza ujenzi huo, huuzunguka mwili wa bakteria kwa vipande vidogo, na kwamba dawa za kuzuia ujenzi wa ukuta huvisimamisha vipande hivyo. Athari ya dawa ikawa inaonekana ndani ya seli moja iliyo hai, pasipo kungoja kuhesabu waliokufa.

Taa nayo yaweza kudanganya. Awali iliaminika kwamba MreB hujiviringa kama springi kutoka ncha moja ya seli hadi nyingine. Mnamo 2012 ikabainika kwamba katika aina moja ya E. coli iliyotumika katika uchunguzi, umbo hilo lilisababishwa na taa iliyounganishwa na mwanzo wa protini hiyo. Ndiyo maana, kabla ya kuamini kinachoonekana, watafiti huhakikisha kwanza kwamba bakteria aliyebebeshwa taa anaogelea, anakua na kugawanyika kama mwenzake asiyekuwa nayo.